Sauti Yasikika, Maneno Hayasomeki

Somo hili lilisemwa kwanza redioni, na sasa limepigwa chapa ili ulisome polepole, peke yako au pamoja na wenzako darasani. Weka karibu kalamu na kipande cha karatasi, maana katikati ya somo nitakuomba uandike kitu kidogo.

Leo nitakueleza habari ya fumbo moja lililowasumbua watu wa mitambo ya simu na redio kwa muda wa zaidi ya miaka 150. Fumbo lenyewe ni hili: habari imefika, tena imefika kwa nguvu, lakini aliyeipokea hawezi kuisoma. Kama habari ingekuwa dhaifu, tusingeona ajabu. Mtu akinong'ona ng'ambo ya mto, hutazamii kumsikia. Lakini mtu akipaza sauti karibu na sikio lako, nawe usipate hata neno moja, hapo lazima uulize kuna nini.

Wewe mwanafunzi wa kisomo unalijua jambo hili vizuri kuliko wengi. Kumbuka siku yako ya kwanza darasani. Mwalimu aliandika ubaoni herufi kubwa, nyeupe, za kuonekana mpaka mlangoni. Macho yako yaliziona, lakini hukusoma. Je, kama mwalimu angeziandika kubwa mara mbili, ungesoma? Hata kidogo. Ulichokosa hakikuwa ukubwa wa herufi. Ulikosa kule kupatana na mwandishi, yaani kujua kwamba alama hii ni "ba" na ile ni "ma". Walioanza kupeleka habari kwa umeme walichukua miaka mingi kulikubali jambo hili, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Tuanze mwaka 1858, katika bahari kubwa ya Atlantiki. Mwezi wa Agosti mwaka huo, meli zilimaliza kulaza waya chini ya bahari kutoka kisiwa cha Valentia huko Ireland mpaka Newfoundland, upande wa Amerika. Urefu wake ulizidi kilomita 3,000. Ndani yake mlikuwa na shaba, na shaba ilifunikwa kwa gutapacha, yaani utomvu wa mti uliokaushwa, ili umeme usivuje majini. Zamani barua ilichukua siku kumi au zaidi kuvuka bahari ile kwa meli. Sasa watu walitumaini kwamba neno litavuka mara moja. Miji ilipigiwa kengele na fataki kwa furaha.

Lakini furaha ile haikudumu. Malkia Victoria alipeleka salamu kwa Rais wa Marekani, salamu zisizofika hata maneno 100, na kuzivusha kulichukua karibu saa 16. Siku nyingi zilipita makarani wa pande mbili wakiulizana tu kama wanasomana, na kuombana wapunguze mwendo au warudie.

Mkuu wa umeme wa kampuni ile alikuwa Bwana Wildman Whitehouse, ambaye kwa kazi yake ya asili alikuwa daktari. Yeye aliamini kwamba dawa ya kutosomeka ni nguvu. Alitumia mitambo mikubwa ya kusukuma umeme, kiasi cha volti 2,000. Mwenzake, Profesa William Thomson wa Glasgow, alifikiri vingine. Thomson alikuwa amekwisha onyesha kwa hesabu kwamba waya mrefu wa baharini haupitishi umeme kama bomba linavyopitisha maji. Ukipeleka pigo fupi, linaingia likiwa fupi, na huko mwisho linatoka limetanuka na kuvutika. Ukipeleka pigo jingine upesi, linamkuta mwenzake hajamaliza kutoka, na hapo yanachanganyika kama wino uliomwagikiwa maji. Ukiongeza nguvu, wino unakuwa mweusi zaidi, lakini herufi hazitengani.

Thomson alitengeneza chombo chenye kioo kidogo sana kilichoning'inizwa na kumulikwa taa. Umeme hafifu tu ulitosha kukigeuza kioo, na karani alisoma habari kwa kutazama nuru ikienda kushoto na kulia ukutani. Kwa chombo hicho habari zilianza kusomeka. Mwisho wa Agosti serikali ya Uingereza iliwapelekea amri askari wa vikosi viwili huko Kanada wasipande meli kurudi Uingereza, maana hawakuhitajiwa tena. Inasemekana amri ile moja iliokoa kiasi cha pauni 50,000. Basi utaona kwamba kusoma au kutosoma haikuwa mchezo wa wataalamu peke yao.

Mwanzoni mwa Septemba waya ulinyamaza. Ulikuwa na dosari tangu mwanzo, na zile volti nyingi ziliumalizia roho. Waya wa kudumu haukupatikana mpaka mwaka 1866, na wakati huo umeme mdogo na chombo chepesi vilikuwa vimeshinda. Waya wa jinsi hii ulifika Unguja mwaka 1879 ukitokea Aden, na kwa njia hiyo pwani yetu ikaunganishwa na miji ya mbali.

Sasa tutoke kwenye waya, tuje kwenye redio. Katika nchi nyingi wako watu wanaopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa kupenda tu, si kwa biashara. Wanaitwa watu wa redio ya ridhaa. Hujenga mitambo yao nyumbani, hutundika nyaya juu ya miti, na kuzungumza na watu wasiowajua, wakitambulishana kwa herufi na tarakimu. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Oman A4. Hapo mwanzo walitumia nukta na mistari ya Morse, na masikio yao yalikuwa makali ajabu. Desemba 1921 mmoja wao, Mmarekani Paul Godley, alikaa hemani pwani ya Ardrossan, Uskoti, katika baridi na mvua, akasikia stesheni za ridhaa za kwao Marekani. Sauti zilikuwa hafifu, lakini alizisoma.

Hapo ndipo pana siri ya sikio la binadamu. Karani wa Morse akisikia mtu anapiga haraka, naye huharakisha. Akisikia anapiga polepole, humngoja. Herufi moja ikipotea, huibunia kwa maana ya neno. Mashine haijui kungoja wala kubuni. Siku ile tulipoipa mashine kazi ya kusoma, fumbo la mwaka 1858 lilirudi kwa sura nyingine.

Mfaransa Émile Baudot mwaka 1874 alibuni alfabeti ambayo kila herufi ina alama tano, na kila alama ni ya namna moja kati ya mbili, kama taa iliyowaka au iliyozimwa. Karani wa Baudot ilimbidi kubonyeza vitufe kwa mapigo sawasawa, akiufuata mlio wa mashine kama mpiga ngoma anavyoufuata wimbo. Akichelewa kidogo, herufi iliharibika. Baadaye zikaja mashine za kuandika kwa mbali, zile zinazoandika zenyewe kama taipureta isiyo na mtu. Wabunifu wake waliongeza jambo la busara: kabla ya kila herufi hutangulia alama ya kusema "anza", na baada yake hufuata alama ya kusema "simama". Kwa hiyo hata kama mashine mbili hazina mwendo mmoja kamili, kosa dogo halirundikani, maana kila herufi huanza upya.

Watu wa redio ya ridhaa walizipenda mashine hizi, hasa baada ya vita kuu ya pili, zilipoanza kupatikana zilizokwisha tumika. Huko Marekani waliruhusiwa mwaka 1953 kuzitumia kwa namna nzuri zaidi kwenye mawimbi ya masafa marefu. Mashine zao zilipeleka alama kama 45 kwa sekunde, hali mashine nyingi za Ulaya zilipeleka 50. Tofauti hiyo unaiona ndogo? Mashine ya 45 ikipokea habari ya 50, karatasi hujaa herufi ovyo, hata kama sauti inatikisa meza. Ndiyo sababu mafundi walikuwa na chuma chenye meno mawili kama uma, ambacho ukikigonga hulia kwa sauti moja isiyobadilika. Kwenye ncha zake palikuwa na vipande viwili vya bati vyenye upenyo. Fundi alichungulia kati yake na kutazama madoa meusi na meupe kwenye mota inayozunguka. Madoa yakionekana yamesimama, mwendo ni sawa. Yakionekana yanatembea, alikaza au kulegeza skrubu. Mimi napenda sana habari ya uma ule. Ulikuwa saa ya maskini, tena ya kweli.

Palikuwa na kosa jingine la kuchekesha. Katika redio, zile alama mbili zilikuwa sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Mpokeaji akiziweka kinyume, ya juu akaifanya ya chini, mashine iliandika upuuzi bila kuchoka. Na hapa pia, kuongeza nguvu hakukusaidia kitu.

Sasa chukua ile karatasi yako. Andika herufi hizi bila nafasi kati yake: BABALETEMAJI. Kisha zikate nne nne kuanzia herufi ya kwanza. Umepata nini? BABA, LETE, MAJI. Vizuri. Sasa ziandike tena, lakini safari hii ruka herufi ya kwanza, uanze kukata kwenye ya pili. Utapata ABAL, ETEM, AJI. Herufi ni zile zile, wino ni ule ule, mwandiko wako haukubadilika. Umekosea mahali pa kuanzia tu, na habari yote imekufa. Tunza karatasi hiyo, maana ndiyo ufunguo wa habari inayofuata.

Miaka ya hivi karibuni kazi ya kusoma imekabidhiwa kompyuta. Aliyeongoza njia hiyo ni Profesa Joseph Taylor wa Marekani. Alipokuwa kijana alijenga redio za ridhaa nyumbani kwao pamoja na ndugu yake, na siku moja antena yao ilikata dohani ya matofali ikawa sawa na paa, wazazi wakashika vichwa. Alipokuwa mtu mzima, mwaka 1974, yeye na Russell Hulse waligundua nyota mbili zinazozungukana, moja ikirusha mapigo ya redio kwa kipimo sawasawa kama saa. Kwa kupima mapigo yale mwaka hata mwaka, walipata matokeo yaliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyeijua thamani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Taylor alianza mwaka 2001 kuwatengenezea watu wa ridhaa programu za kusoma sauti hafifu mno, hata zile zilizopigwa mpaka mwezini zikarudi. Mwaka 2017, pamoja na Steven Franke, alitoa njia iitwayo FT8. Herufi mbili ni za majina yao, Franke na Taylor, na 8 ni idadi ya sauti zinazotumika. Katika miaka michache tu njia hiyo ilienea dunia nzima.

Ifahamu vizuri, maana fumbo letu limejificha humo. Kila dakika imegawanywa katika zamu nne za sekunde 15. Anayetaka kupeleka habari huanza mwanzo wa zamu, akapiga filimbi kwa sekunde 12 na kitu. Filimbi hiyo ina alama 79, na kila alama ni mojawapo ya sauti nane zinazokaribiana sana. Alama 21 hazibebi habari. Zimewekwa saba mwanzoni, saba katikati na saba mwishoni, ili kompyuta itambue kwamba hii ni FT8 na ijue pa kuanzia. Zilizobaki hubeba habari yenyewe pamoja na hesabu za kusahihisha makosa. Mwisho kuna hesabu ya kuthibitisha. Isipolingana, kompyuta hukaa kimya, haiandiki hata herufi moja. Karani wa Morse angekwambia, "Nimepata nusu." Kompyuta hii haina nusu.

Sasa fikiri saa ya kompyuta yako imechelewa sekunde sita. Stesheni ya jirani inapiga. Unaisikia kwenye spika, tena unaiona kwenye kioo cha kompyuta kama mstari mnene unaong'aa. Lakini kompyuta hukusanya sauti ya sekunde 15 kwa saa yake yenyewe, ndipo huisoma. Imekata habari mahali pasipofaa: kipande kimebaki katika zamu hii na kipande katika zamu ile. Ni ABAL, ETEM, AJI. Programu huvumilia kosa la sekunde moja au mbili. Likizidi sana hapo, hakuna kinachosomeka, kikubwa wala kidogo. Na mtu asiyejua hufanya kama alivyofanya Whitehouse. Huongeza sauti.

Kuongeza sauti kunaweza hata kudhuru. Kompyuta hugeuza sauti kuwa tarakimu, na mara nyingi tarakimu kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767. Sauti ikizidi hapo hukatwa kichwa, kama mtu mrefu aliyepigwa picha na mpiga picha asiyejua kazi. Stesheni nyingi zikiwa pamoja, kukatwa huko huzaa sauti za uongo zinazofunika zile za kweli. Tena lile kosa la kuweka juu chini lipo hadi leo: redio za mawimbi haya zina pande mbili za kupokea, upande wa juu na upande wa chini, na FT8 hutumia wa juu tu. Ukiwa upande wa chini, sauti nane zote hupinduka. Na katika nchi za kaskazini ya mbali, mawimbi yakipita penye ile mianga ya usiku ya angani, hutetemeka mpaka sauti moja inaingia katika nafasi ya jirani yake. Hilo halina fundi, utangoja litulie.

Jambo la mwisho katika historia hii lilitokea Desemba 2018. Taylor na wenzake waliona kwamba nafasi ya habari haitoshi, wakaiongeza kutoka biti 75 mpaka 77. Biti ni ile alama ya ndiyo au siyo. Waliibadili hata ile mipango ya alama saba za kutambulisha. Programu mpya na ya zamani hazikuweza kusomana tena. Wenye redio waliombwa wawe wamehama wote kufika tarehe 1 Januari 2019. Aliyechelewa, au asiyepata tangazo, aliketi mbele ya kioo akaona mistari ya kung'aa kama ya juzi na jana, akasikia filimbi zile zile, wala asipate jina hata moja. Chombo chake hakikuwa na kasoro yoyote. Wenzake walikuwa wamebadili alfabeti, yeye bado anasoma ya zamani. Mwaka 2019 ilikuja pia FT4, yenye zamu za sekunde saba na nusu, ambayo sikio lisilozoea laweza kuidhania ni FT8. Ukiitegea njia isiyo yake, utaambulia ukimya ule ule.

Nami yalinipata. Nilikuwa mgeni wa rafiki yangu mwenye leseni, mahali ambapo mtandao wa simu haufiki. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta yake ilikuwa imekufa. Aliwasha, tukasikia filimbi nyingi za nguvu, lakini hatukupata neno. Mimi nilishika kitasa cha sauti. Yeye alinipiga mkono kwa upole akasema, "Acha. Tazama mistari inaanzia wapi." Kwenye kioo mistari yote ilianza pamoja, safu nzima kwa mara moja, kama wanafunzi wanaosimama mwalimu akiingia. Lakini saa ya kompyuta wakati huo ilionyesha sekunde 9, na safu iliyofuata ilianza kwenye sekunde 24.

Basi tulijua kosa letu kwa kipimo. Aliiandika saa upya, akaweka kidole juu ya kitufe, akangoja. Filimbi zilinyamaza kwa zile sekunde mbili za mapumziko. Zilipoanza tu, alibonyeza. Tulikaa kimya tukiiangalia zamu ile ikienda mpaka mwisho wake. Kisha majina yakashuka kwenye kioo moja baada ya jingine: 5Z, 9Q ya Kongo, A4, mengine ya Ulaya ambayo sikuyashika yote.

Kabla ya somo lijalo, mpe jirani yako sentensi uliyoiunganisha bila nafasi, usimwambie akate herufi ngapi ngapi, uone atachukua muda gani. Kwaheri mpaka juma lijalo.